Tuchangie Udongo Kabla ya Unga



Kila ukame unapoikumba Pembe ya Afrika au mikoa ya kwetu, simu zetu huku Uingereza hujaa ujumbe wa aina moja. Jumuiya inaitisha mchango, mweka hazina anatoa namba ya akaunti, orodha ya majina inazunguka na kila mmoja anaandika alichojaaliwa: pauni 10, pauni 20, mwenye uwezo pauni 100. Baada ya wiki mbili tatu inakuja picha. Lori limesimama, magunia ya unga yamepangwa, madumu ya mafuta yako pembeni, na wazee wetu wako kwenye foleni juani. Tunashukuriana, tunaombeana heri, daftari linafungwa. Ukame ukirudi, daftari linafunguliwa tena.

Hatuna nia ya kuubeza moyo huo. Mwenye njaa leo hawezi kuambiwa asubiri mavuno ya mwakani. Lakini sisi tuliosomea uhandisi wa maji na udongo, na ambao umri wetu wa kazi umekwenda baina ya mashamba ya vijijini na maghala ya misaada, tunalo neno la kusema na tutalisema bila kuzunguka. Jumuiya inayochangia unga miaka nenda miaka rudi, isichangie hata senti moja kwa udongo unaootesha unga huo, ni kama mtu anayekausha maji sakafuni kila siku na dari juu yake linavuja. Hatuoni kwa nini watu wenye akili, wenye shahada na kazi nzuri, waendelee hivyo.

Maji yanakwenda wapi?

Tuanze na hesabu. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye eneo la mita 1 ya mraba, hiyo ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida ya alasiri moja wakati wa masika, inamwaga lita 80,000 juu ya ekari moja. Hayo ni maboza manane ya lita 10,000 kila moja. Mama mwenye shamba la ekari tatu ameletewa maboza ishirini na manne kwa alasiri moja, bure, mpaka mlangoni.

Sasa tujiulize maji hayo yanakwenda wapi. Shamba limelimwa kufuata mteremko. Mabua ya msimu uliopita yameliwa na mifugo au yamechomwa moto, udongo uko uchi. Matone ya kwanza yanaupiga mpaka unafunga ganda gumu, na matone yanayofuata hayapati pa kuingia. Maji yanateleza, yanachukua udongo wa juu wenye rutuba, yanachimba korongo, yanavunja daraja la bondeni. Zinapita siku kumi za jua kali, mahindi yananyauka, na redio inatangaza ukame.

Upo ukame wa kweli, ambao mawingu yenyewe hayaji. Tutaurudia. Lakini mara nyingi sana kinachoitwa ukame ni shamba lililoletewa maji likashindwa kuyapokea. Mkulima wa namna hiyo anaweza kupata njaa katika mwaka uleule ambao jirani yake wa mtaa wa pili, kwa mvua ileile, amevuna.

Kilimo cha kuhuisha ardhi, ambacho siku hizi kinapewa majina makubwa kwenye mikutano, hakina siri wala uchawi. Maji yanakingwa yasikimbie. Udongo unafunikwa kwa mabua na majani usikae uchi. Samadi na mboji vinarudishwa shambani. Mahindi yanachanganywa na kunde, mbaazi au choroko. Miti yenye faida inaachwa isimame. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamekuwa wakifanya sehemu kubwa ya haya kwa vizazi kadhaa katika ngoro zao. Wanalaza nyasi zilizokatwa kwa mistari ya miraba, wanazifukia kwa udongo, na katikati linabaki shimo linalozuia maji ya mlima yasishuke na shamba. Hawakufundishwa na mradi wowote.

Fedha za waliokuwa mbali

Wasomaji wetu wa Ukambani wanaijua habari hii, lakini wengine wengi hawajawahi kuisikia. Katika miaka ya 1930 maofisa wa serikali ya kikoloni waliandika kuhusu Machakos kama nchi iliyokwisha: makorongo kila mahali, ardhi nyekundu, watu na ng'ombe wengi kupita kiasi. Mwaka 1932 wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wapatao milioni 1.4. Kwa mantiki ya wale maofisa, ilipasa pawe jangwa. Badala yake watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba vilima vilikuwa vimekatwa matuta, miti imeongezeka, na mazao kwa kila mtu yamepanda.

Kilichofanyika ni kazi ya jembe na beleshi. Mkulima anachimba mtaro kwa kufuata usawa wa kilima, na udongo anaoutoa anautupa upande wa juu. Unakuwa tuta, anapanda nyasi juu yake, na mvua za miaka michache zinalisawazisha shamba lenyewe kuwa ngazi. Njia hiyo inaitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya uhandisi wa udongo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Kazi ilifanywa kwa zamu na vikundi vya mwethya, wengi wao wakiwa wanawake.

Na fedha zilitoka wapi? Hapa ndipo tunapotaka kila msomaji asimame kidogo. Sehemu muhimu ilitoka kwa waliokuwa mbali. Walikuwa askari, makarani, makondakta, mafundi na wafanyakazi wa majumbani waliokuwa Nairobi na Mombasa, ambao kila mwezi walituma sehemu ya mshahara nyumbani, na nyumbani ikalipa vibarua wa kuchimba, ikanunua jembe la kukokotwa na ng'ombe, ikanunua miche ya kahawa na matunda. Tofauti yao na sisi ni umbali wa safari tu. Walikuwa ughaibuni ya wakati wao, na waliitumia kuijenga ardhi.

Benki Kuu ya Kenya ilihesabu karibu dola bilioni 5 zilizotumwa na Wakenya walio nje kwa mwaka 2024. Tunajua zinakokwenda, kwa kuwa sote tunazituma: ada za shule, matibabu, misiba, harusi, na nyumba ya matofali yenye vigae vyekundu ambamo haishi mtu isipokuwa mlinzi. Hatusemi ada isilipwe au mgonjwa asitibiwe. Tunasema ni aibu kwamba katika orodha ndefu kiasi hicho, tuta la shamba la mama halimo.

Mifano mingine ipo. Shinyanga ya miaka ya 1980 ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania, baada ya miaka mingi ya kufyeka misitu kwa ajili ya vita dhidi ya mbung'o na kwa ajili ya pamba. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Werevu wake ulikuwa kuuliza wazee kabla ya kuleta wataalamu. Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua nyasi zikue, lifunguliwe kwa mifugo wakati wa kiangazi. Ngitili zilizokuwa zimebaki hekta mia chache tu zilirudishwa, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Huko Niger, kuanzia mwaka 1983, Tony Rinaudo kutoka Australia aliona kwamba vichaka alivyokuwa akivipita kila siku ni visiki vya miti vilivyo hai chini ya ardhi. Akaacha kupanda miche inayokufa, akawashawishi wakulima kupogolea visiki na kuvilinda. Inakadiriwa kuwa hekta milioni 5 zimerudi kuwa na miti kwa njia hiyo. Njia hiyo imefika Dodoma, na wenyewe wanaiita Kisiki Hai. Gharama yake kubwa ni panga na subira.

Kwa nini basi lori?

Sababu ya kwanza ni picha. Lori linapigwa picha siku moja na mchango unaonekana. Mtaro uliochimbwa Agosti unaonekana mtaro tu, na faida yake inaonekana mwaka ambao hakuna kilichotokea. Ni vigumu kumwita mgeni rasmi azindue njaa ambayo haikuja.

Sababu ya pili ni jinsi shughuli yenyewe ya misaada ilivyojengwa. Mpango wa Marekani wa kutoa chakula kwa nchi za nje ulianza kwa sheria ya mwaka 1954, wakati maghala ya nchi hiyo yamefurika nafaka. Kwa miongo mingi sheria ikataka chakula kinunuliwe kwao, na angalau nusu ya shehena ipakiwe kwenye meli zao. Baadhi ya nafaka hiyo ilikuwa ikiuzwa katika masoko ya nchi maskini ili mashirika yapate fedha za miradi, na mkulima wa pale akajikuta anashindana bei na sadaka. Mwaka 2007 shirika la CARE lilitangaza kuachana na utaratibu huo wa kuuza nafaka, ingawa ulikuwa ukiliingizia dola zipatazo milioni 45 kwa mwaka. Tunawavulia kofia. Wengine waliendelea.

Wenzetu waliofanya kazi hizi wanajua na upande wa karatasi. Shirika moja, ambalo hatutalitaja, lilikuwa na fomu ya kila mwezi yenye safu ya tani zilizogawiwa, idadi ya kaya na idadi ya malori. Tulipoomba safu moja ya ekari zilizokingwa maji, jibu lilikuwa kwamba hiyo si dharura, ni maendeleo, na maendeleo yana ofisi nyingine na fungu jingine. Mkataba ulikuwa wa miezi 12. Udongo uliochoka unahitaji misimu mitano au zaidi kurudi. Mradi ulifungwa kwa ripoti nzuri sana, na miaka miwili baadaye magunia yalirudi kijiji kilekile.

Hata magunia yenyewe huchelewa. Somalia, tahadhari zilianza kutolewa mwaka 2010. Baa la njaa likatangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo fedha zilipomiminika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2013 ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vita na siasa vilihusika sana, hatulifichi hilo, lakini kuchelewa kwa wafadhili kulihusika pia.

Kisha ukaja mwaka 2025. Januari misaada ya Marekani ikasimamishwa, na tarehe 1 Julai shirika lake la USAID likaacha kuendesha misaada ya nje. Kambini Kakuma mgao wa chakula ulipunguzwa mpaka chini ya nusu, watu wakaandamana. Vijana wetu wengi waliokuwa wameajiriwa katika miradi walipewa barua ndani ya wiki moja. Uamuzi ulipitishwa Washington, na mama aliyekosa chakula chake Turkana hakuulizwa. Kama kuna mtu alikuwa hajaelewa hatari ya kuegemeza chakula cha watu kwenye bajeti ya nchi nyingine, mwaka ule ulimfundisha.

Adhabu ya jembe

Sababu ya tatu iko majumbani mwetu. Mtoto akisema anataka udaktari, tunachinja mbuzi. Akisema uanasheria, tunawapigia simu mashangazi. Akisema anataka kusomea udongo, baba anakohoa na mama anauliza, "Umekosa nini kingine, mwanangu?" Tunajua dharau hii ilikotoka. Shuleni kwetu aliyechelewa namba alipewa jembe. Aliyepiga kelele darasani alipewa jembe. Kizazi kizima kilifundishwa kwamba kulima ni adhabu ya waliokosa, kisha tunashangaa kwamba waliofaulu waliikimbia.

Matokeo yake ni haya. Vijana wetu wanaoingia katika misaada ya kibinadamu wanaingia kwa mlango wa usafirishaji, uhasibu, mawasiliano na uandishi wa ripoti. Mtaalamu wa udongo wa bara letu zima anakuja kwa ndege kutoka Ulaya, anakaa wiki tatu, anaandika kwa Kiingereza juu ya mambo ambayo bibi wa Mbinga angemweleza kwa Kimatengo. Kazi ya heshima, yenye hesabu, kemia, ramani za setilaiti na mazungumzo na wazee, tumewaachia wengine. Tunawaambia vijana wanaosoma Reading, Wageningen au Sokoine pale Morogoro: hii ni taaluma kamili. Ina ugumu wa kumridhisha yeyote mwenye kichwa, na nchi zenu zitaihitaji kwa muda mrefu kuliko atakavyohitajiwa mwandishi wa ripoti.

Watatuambia

Watatuambia kwamba matuta hayaleti mvua. Kweli. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilishindwa katika Pembe ya Afrika, na hakuna mtaro utakaovuna mahindi katika hali hiyo. Siku kama hizo chakula na fedha lazima viende, na viende mapema. Lakini hata hizi kazi mbili zinaweza kufanywa pamoja. Ethiopia, tangu mwaka 2005, ina mpango unaowapa mamilioni ya watu chakula au fedha kila mwaka, na wenye nguvu miongoni mwao wanafanya kazi ya kukinga maji na kufunga makorongo. Una dosari zake, lakini umeondoa kisingizio kwamba haiwezekani.

Watatuambia kwamba mbolea ya viwandani imeokoa wengi, na kwamba wahuishaji ardhi ni watu wa ndoto. Hapa tunakubaliana nao kwa sehemu. Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea za kemikali ghafla mwaka 2021, mavuno ya mpunga yakaanguka, na kabla mwaka haujaisha serikali ikageuka. Atakayemwambia mkulima wa Njombe aache mbolea kesho asubuhi ni mtu hatari. Tunachosema ni kwamba mbolea inayotupwa kwenye udongo usioshika maji inaishia mtoni, na mkulima anabaki na deni. Vilevile hatuna muda na makampuni makubwa yanayochapisha maneno ya kuhuisha ardhi kwenye pakiti za biskuti bila kumwongezea mkulima hata shilingi.

Watatuambia mwisho kwamba wenyeji hawataki matuta. Hili lina historia. Mwaka 1955 Waluguru wa Morogoro waliasi mpango wa kikoloni uliowalazimisha kukata ngazi milimani, na mtu mmoja aliuawa. Walikuwa na haki. Udongo wa juu katika milima ile ni mwembamba, ngazi ziliufukia na kuleta juu udongo usio na nguvu, na amri ilitoka kwa watu wasiolima pale. Somo la Uluguru na somo la Shinyanga ni moja: uliza kwanza, kisha peleka fedha. Sisi wa ughaibuni tunalihitaji somo hilo zaidi, kwa kuwa mtu mwenye pauni huwa mwepesi wa kuamrisha.

Tunachopendekeza

Kila jumuiya itenge sehemu ya mfuko wake, tuseme pauni 3 katika kila 10, kwa kazi ya udongo na maji, na sehemu hiyo itumwe katika mwaka ambao hakuna njaa. Itumwe kwa kikundi cha wanakijiji kilichopo tayari, hasa cha wanawake, baada ya wao kusema wanataka nini: matuta, malambo, ngitili, miche au vyeti vya ardhi. Hilo la vyeti lisidharauliwe, kwa sababu mjane asiye na hakika kwamba shamba litabaki lake hatachimba mtaro wa miaka ishirini. Taarifa ya mwaka ya mweka hazina ieleze ekari ngapi zimekingwa, kama inavyoeleza magunia. Na jumuiya zinazotoa zawadi kwa wanafunzi zitoe moja kwa anayesomea udongo, isiwe ndogo kuliko ya mwanasheria.

Vifaa havitatushinda. Usawa wa kilima unapimwa kwa fremu ya herufi A: fito mbili ndefu na moja fupi, kamba na jiwe. Mitaro huchimbwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za vuli kuanza Oktoba. Kwa hiyo fedha zinatakiwa ziwe zimefika kijijini Julai, na kikao cha kuzichangisha kiitishwe Aprili, wakati kwetu mvua za masika zinanyesha na hakuna anayezungumza habari ya njaa.